Siku kumi nikifuata muziki: Moro, Manzese, Bagamoyo, Unguja

Jumamosi. Morogoro hadi Dar es Salaam

Nimefunga kibanda changu cha kushona kwa siku kumi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kufunga muda mrefu hivyo, isipokuwa ule msiba wa baba. Sare za harusi nimezimaliza juzi usiku, mwanafunzi wangu nimemwachia suruali za kufupisha na zipu za kubadilisha, na wateja wengine nimewaomba wanivumilie.

Fundi cherehani anaishi kwa sikio. Macho na mikono viko kwenye kitambaa, mguu uko kwenye pedeli, kwa hiyo kinachobaki huru kutembea ni sikio tu. Redio yangu imeimba zaidi ya miaka ishirini pale kibandani na mimi nimeshindwa kuchagua upande. Asubuhi kaswida, saa nne rumba ya Kongo, mchana bongo fleva kwa ajili ya mwanafunzi wangu, alasiri taarabu, na jioni nikibaki peke yangu natafuta zeze la Wagogo. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniachia flashi ya muziki wa roki siku alipokuja kupimwa suruali. Suruali aliichukua, flashi akanipa kabisa. Watu huniuliza, "Dada, wewe hasa unapenda muziki gani?" Nikisema wote, wanaona nimekwepa swali. Sijakwepa. Ila nilikuwa na jambo linaniuma: muziki wote huo nimeusikia kupitia spika moja isiyozidi ukubwa wa kisosi. Wapigaji wenyewe, jasho lao, miguu yao, sijawaona.

Na mimi ni mtoto wa Moro! Mji huu ndio uliomtoa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mtu aliyezipenda santuri za Kuba mpaka akataka kuifuata Kuba yenyewe. Ndio mji wa Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa la solo katika Morogoro Jazz na kwenda nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya mwaka 1970. Baba alimwona Mbaraka kwa macho yake. Mimi nilirithi kaseti.

Kaseti moja hasa. Baba aliirekodi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, enzi ambazo bendi zetu karibu zote zilirekodi pale pale kwenye studio za redio. Ina wimbo wa JUWATA Jazz, na pale chemko linapoanza tu, magitaa yakianza kukimbizana, upande wa kaseti unaisha. Tak! Kila mara baba alikuwa akiumalizia kwa mdomo: anaigiza tarumbeta, anapiga besi kwa goti, anaingiza saksafoni kwa pua. Sisi watoto tulidhani anabuni.

Treni mpya imenifikisha Dar chini ya saa mbili. Kijana wa kaka yangu amenipokea stesheni, tumekula, tumelala kidogo, na saa tatu usiku tulikuwa tumeketi kwenye ukumbi wa wazi nyuma ya baa, tukiwasubiri Msondo Ngoma. Ndiyo bendi ile ile ya baba. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ikabadili: JUWATA, halafu OTTU, hadi watu wakaiita kwa mtindo wake, Msondo. Watani wao wa jadi ni Mlimani Park, wana Sikinde, walioanza mwaka 1978, na hata leo kuna nyumba ambamo mume ni Sikinde na mke ni Msondo.

Walianza polepole, watu wakiingia, wahudumu wakipanga viti. Wazee wengi, mashati yamepigwa pasi, suruali za mikunjo miwili mbele ambazo siku hizi mteja haniombi kabisa. Kama saa tano hivi nikausikia wimbo wa kaseti. Nilishika mkono wa yule kijana nikamwumiza. Beti zikapita, kiitikio kikapita, wachezaji wameshikana wanajizungusha taratibu. Halafu gitaa la solo likaita, tumba zikajibu, na pale ambapo maisha yangu yote kaseti hukatika, wimbo ukaendelea mbele.

Ulikwenda dakika kumi na saba, nilitazama saa. Tarumbeta ziliingia mara nne. Mwimbaji alishuka jukwaani akaimba katikati ya meza, mzee mmoja akamtunza noti akaibandika kwenye paji lenye jasho. Lakini haukwenda kama baba alivyokuwa akiumalizia. Hata kidogo. Nikamgeukia mzee wa meza ya jirani.

"Shikamoo baba. Hivi ndivyo walivyoupiga zamani?"

"Marahaba mwanangu. Wimbo huu nimeanza kuucheza nikiwa kijana kama huyu wako. Sijausikia ukiisha namna moja mara mbili."

Nimerudi kulala saa tisa, na usingizi umenikataa. Baba hakuwa akibuni. Alikuwa na usiku wake mmoja, katika ukumbi fulani, na ndio alioukumbuka tarumbeta kwa tarumbeta.

Jumapili. Manzese

Nilitaka kulala. Kijana akasema, "Shangazi, jana mimi nimekusindikiza kwa wazee. Leo zamu yangu."

Singeli nilikuwa nayo redioni, ila huwa naipunguza sauti wateja watu wazima wakiingia. Leo nimeikuta nyumbani kwake, uchochoroni Manzese, kwenye kigodoro cha shughuli ya mtu. Turubai juu, spika zimepandana kama matofali, kijana mmoja na kompyuta kwenye meza ya plastiki, mwingine ameshika maiki anaghani bila kupumua. Mapigo yanapita 200 kwa dakika. Mtu asiyezoea anasikia fujo. Mimi nilisikia Juki, ile cherehani ya umeme ya kiwandani, mguu ukikandamiza hadi mwisho na sindano isionekane. Mguu wangu wa kulia ukaanza kukanyaga pedeli ambayo haipo.

Akina mama wa mtaa walikuwa na sare ya madera ya njano, bega la kulia limeshonwa vibaya karibu kwa wote, na hakuna aliyejali wala mimi sikujali baada ya dakika tano. Walinivuta kati. Mghani alitaja dera langu la bluu kwa kina, akalipangia vina papo hapo, akaniita mama wa bahari. Mtu wa dakika ile, kwa wimbo wa dakika ile.

Kuna kitu kilinisumbua katikati ya zile kelele: kipande cha kinanda kilichojirudia. Nakijua. Nimeketi baadaye nikamuuliza kijana, akacheka: "Hiyo taarabu, shangazi. Wanachukua kile kipande cha kinanda kati ya beti na beti, wanakizungusha, wanakikimbiza." Vijana wa Manzese na Tandale walichukua muziki wa mama zao wakaukaza mpaka ukawa wao. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Muziki ambao nilikuwa nikiuficha kwa wateja ni mtoto wa muziki ninaowapigia.

Jumatatu. Dar

Miguu imevimba. Asubuhi Kariakoo kununua nyuzi na vifungo, mchana kulala. Jaribio moja: nilirekodi ule wimbo wa Msondo kwa simu. Nimeusikiliza leo. Ni mvua juu ya bati. Nimeufuta, na nimeamua simu itakaa mkobani safari nzima.

Jumanne. Bagamoyo

Daladala kutoka Makumbusho, kiti cha nyuma, dirisha halifungi.

Nimefuata zeze la Wagogo, na mtu anaweza kuuliza Wagogo wanatafuta nini pwani, Dodoma na Bagamoyo vikiwa mbali hivyo. Jibu ni Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo. Mwalimu Nyerere alivutiwa na upigaji wake akamleta Dar es Salaam miaka ya sitini, na baadaye makao yake yakawa hapa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Sasa ndiyo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Amefariki mwaka 2003, lakini alikuwa ameshaotesha ukoo mzima wa wapigaji kando ya bahari. Wawili kati ya hao, Pendo binti yake na Leah mjukuu wake, ndio The Zawose Queens, waliotoa albamu yao *Maisha* mwaka 2024. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu desturi iliwapa wanaume zeze na ilimba, na wanawake ikawapa ngoma ya muheme.

Nilikaribishwa kwenye uwanja wa nyumba moja ya Wagogo, chini ya mwembe, ambako kikundi kilikuwa kikifanya mazoezi. Nilikaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka kwa mpiga ilimba. Ni marimba ya vidole, kasha la mbao lenye vijiti vingi vya chuma, kubwa hata linajaza mapaja. Na hapa lazima nikiri nimekuwa mkosefu miaka mingi. Kila ilimba ilipopigwa redioni kulikuwa na mlio wa kuvuma pembeni, kama nyuki ndani ya kopo, nami nilidhani ni spika yangu imepasuka. Niliwahi kuipeleka kwa fundi kwa sababu hiyo! Leo mpigaji amenionesha: kwenye kasha kuna vitundu, vimezibwa kwa utando wa buibui, na utando ule ndio unaovuma. Wameuweka kwa makusudi. Wanautafuta kwenye kuta, wanaubandika kwa uangalifu, ukichanika wanabadilisha. Bila nyuki ilimba imekufa, ndivyo alivyosema.

Akapiga tena nikiwa najua. Sauti ile ilikuwa na tabaka mbili: chuma kinachodondoka kama matone, na chini yake pumzi. Kisha zeze zikaingia kwa upinde, waimbaji wakapanda juu kohoni wakashuka, njuga za miguuni zikishika mapigo. Binti mmoja akakaa na muheme, ngoma kaibana katikati ya mapaja, akapiga kwa viganja, nami nikausikia kwenye kigoda kabla sijausikia masikioni. Udongo ulikuwa ukileta.

Baada ya mazoezi yule binti aliniambia, "Mama, hapa tuko wawili tu wa muheme. Nenda Chamwino baada ya mavuno, uwaone akina bibi wakiwa safu nzima."

Sikuwa na la kusema. Nimemwahidi kumshonea kitambaa cha kujifunga kiunoni, kipimo nimekichukua kwa kamba.

Jumatano. Bagamoyo, Dar

Asubuhi nimewasikiliza wanafunzi wa chuo wakipuliza tarumbeta kuelekea baharini, mmoja akirudia mstari mmoja pengine mara arobaini. Jioni Dar. Kulala mapema.

Alhamisi. Unguja

Boti, mwendo wa saa mbili hivi, bahari ya kaskazi imetulia. Wifi yangu wa Kikwajuni amenipokea bandarini na chupa ya maji ya kunywa na maneno: "Karibu wifi, leo hakuna kulala." Yeye ni mtu wa taarabu tangu tumboni.

Usiku tumekwenda kwenye klabu Mji Mkongwe kusikiliza taarabu asilia. Hapa historia inakaa kwenye viti na wewe. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Culture Musical Club ni ya mwaka 1958. Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliuimba muziki huu kwa Kiswahili cha watu wa kawaida akaenda kuurekodi Bombay mwaka 1928, na mpaka leo mwimbaji akishika beti, wifi anasema, kivuli chake kiko chumbani.

Redio huanza na wimbo. Klabuni usiku unaanza na kanuni, ile ala ya nyuzi ya kupakata, kutafutwa sauti. Nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mzee mmoja mwenye ufunguo mdogo anazikaza moja moja huku wengine wakizungumza na kunywa kahawa. Hakuna aliyemharakisha. Nilimtazama kama ninavyomtazama mtu anayetunga uzi kwenye sindano nyembamba. Kisha fidla, udi, nai, kodiani, dumbak, besi, na bashraf ikafungua usiku, muziki mtupu bila neno, kama mtu anayefagia uwanja kabla wageni hawajafika.

Mwimbaji alisimama bila kutikisika. Mikono miwili mbele, uso mtulivu, sauti ikapanda. Kwenye beti ya pili, mwanamke aliyeketi mbele yetu, buibui jeusi, mkoba mdogo wa dhahabu, akainuka. Akaenda taratibu, kwa mwendo unaofuata dumbak, noti imekunjwa kati ya vidole viwili imeinuliwa juu ili ionekane, akamtunza mwimbaji na kurudi bila kumtazama mtu. Wifi akaninong'oneza, "Hiyo beti si ya bure." Beti ilisema juu ya mti uliopandwa na mmoja ukaliwa kivuli na mwingine. Dakika moja baadaye akainuka mwanamke mwingine, upande wa pili wa ukumbi, akatunza beti iliyofuata. Ukumbi mzima ulijua kesi, isipokuwa mimi. Waliongea kwa mdomo wa mwimbaji, noti mkononi, na hakuna aliyevunja adabu.

Halafu katikati ya beti ala zikajaza nafasi, nami nikashtuka. Si wimbo ule wa Manzese, lakini mkato ni ule ule, namna ya kuzunguka na kurudi. Nikafumba macho nikauona uchochoro, madera ya njano, kijana na kompyuta. Nilitamani mtu wa kumweleza. Wifi alikuwa analia kimya, nikaacha.

Ijumaa. Mji Mkongwe

Mchana nilipita barabara ya Kenyatta, kwenye jumba la makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen. Farrokh Bulsara, mtoto wa Unguja, alizaliwa hapa mwaka 1946. Ile flashi ya mwalimu ilikuwa na video ya Queen pale Wembley, tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la hisani la Live Aid. Dakika kama ishirini tu. Nimeitazama mara nyingi, na sehemu ninayoirudia haina hata gitaa: anatoa sauti peke yake, watu zaidi ya elfu sabini wanaijibu, anaipinda, wanaipinda naye. Mswahili yeyote aliyewahi kucheza ngoma anaijua kazi ile. Ni mwita na waitikiaji. Sijui kama aliibeba kutoka hapa, aliondoka kijana mdogo. Mimi kila nikiiona naisikia kama ya nyumbani.

Jioni, Ngome Kongwe. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na hufanyika Februari, na sharti lake ndilo lililonifanya nivunje kibubu: muziki upigwe laivu, pleibeki hakuna. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwatoa Wareno zinashikilia joto la mchana, jukwaa kubwa liko uwanjani, jingine kwenye ngazi za duara. Usiku wa leo nimesikia kora, nyuzi 21 juu ya kibuyu, vidole vinne tu vikifanya kazi ya watu watatu. Nilisogea mpaka nikaona ukucha wa mpigaji. Nimekaa kwenye jiwe mpaka saa saba.

Jumamosi. Ngome Kongwe

Leo nimecheza, kwa hiyo nina machache ya kuandika. Bendi nne, labda tano. Moja ilikuwa na gitaa lenye makwaruzo ya roki juu ya ngoma ambazo bibi yangu wa Uluguru angezitambua. Mbele yangu watu waliinua simu, msitu wa vioo vidogo. Nilisogea pembeni, kwenye ukuta, ambako besi ilikuwa ikipita ndani ya mawe na kuingia mgongoni. Msichana mmoja wa Kizungu na mzee mwenye kofia ya kiua walikuwa wakicheza pamoja bila kujuana, kwa namna mbili zisizofanana, wote kwenye pigo.

Urojo pale Forodhani saa nane kasoro. Kachori mbili za ziada.

Jumapili. Ng'ambo

Nilidhani usiku wa mwisho wa Ngome ndio kilele. Wifi akasema kuna harusi Ng'ambo, kidumbak, na mimi sijawahi kuona kidumbak.

Ndugu zangu, kidumbak! Ni taarabu iliyovua viatu. Hakuna kanuni, hakuna viti vya heshima. Fidla moja inayoungua, vidumbak viwili, ngoma ndogo za udongo, mkwasa ukigongwa, cherewa zikitikiswa, na besi yake ni sanduku: kasha la mbao la chai lililopinduliwa, fimbo imesimama, kamba moja kutoka fimbo hadi kwenye kasha. Mpigaji anaivuta fimbo, kamba inakaza, sauti inapanda; analegeza, inashuka. Nilisimama nyuma yake nusu saa. Kamba moja tu, na kila sauti aliitafuta kwa bega lake. Nyimbo hazikomi, moja inaingia tumboni mwa nyingine, na katikati ya duara wanawake wamefunga kanga viunoni wanacheza kwa zamu, wakisukumana, wakisifiana. Mmoja alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee. Alipoingia kati fidla ilimfuata yeye, si yeye kuifuata fidla. Akipunguza, inapunguza, akisimama ghafla, wote kimya, akicheka, wanaanza.

Nikamkumbuka mzee wa Dar: haujaisha namna moja mara mbili.

Tulifika Ngome kwa ajili ya bendi ya mwisho tu, kanga zetu bado viunoni.

Jumatatu. Boti, treni

Boti ya asubuhi, treni ya jioni. Naandika haya dirishani, mkonge na mibuyu inapita, milima ya Uluguru bado haijaonekana. Mwanafunzi wangu amepiga simu mara mbili. Suruali zote zimekwisha, zipu moja imemshinda, na mteja wa kitenge cha zambarau amekuja kuuliza mara tatu. Amemwambia nimekwenda kwenye muziki, mteja akauliza, "Muziki gani?" Akashindwa kumjibu.

Nimemwomba apite sokoni kabla ya kufunga aninunulie kibubu kipya, cha mbao, chenye tundu pana, maana kile cha zamani nilikipasua. Na apime kipande cha kaniki mita mbili, akiweke pembeni na kuandika juu yake "muheme." Huko Dodoma mvua zikinyesha vizuri, mavuno hayako mbali.